Gogo la Kujikunia

Nyati mwenye upele hutafuta gogo. Hulisogelea polepole, akajisugua shingo, kisha bega, kisha ubavu, mpaka gome ling'ae kwa mafuta ya ngozi yake na manyoya yanase kwenye mianya ya mti. Akishaondoka, gogo halikai bure. Atakuja nyati mwingine aliye mzima, naye atajikuna palepale, kwa sababu kujikuna ni starehe ya kila mnyama mwenye ngozi. Katika yale manyoya yaliyonasa mna kidudu ambacho jicho la mtu hukiona kwa taabu: utitiri wa upele, ambao jike lake halizidi nusu milimita. Hauna mabawa, hauruki kama kiroboto, hauna hata macho. Husubiri tu kuguswa.

Rumangabo iko kaskazini mwa Goma, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa barabara ya Rutshuru, katika nchi ya Bwisha. Hapo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo watu wa huku huiita parki tu. Hapo pia pana kambi ya jeshi, na mashamba ya maharage na mahindi yanayofika mpaka kwenye miti ya hifadhi. Mtu akisimama hapo anaona, kwa mtazamo mmoja, aina kadhaa za viumbe ambao utitiri huu huwahitaji: mtu, mbuzi wake, ng'ombe wake, nyati wa msituni na gorila ambaye wenyeji humwita ngagi. Ndiyo maana historia ya kidudu kilichokwisha kuonekana Ulaya, Arabuni na Amerika naona inafaa isimuliwe kutoka hapa.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi. Jike huchimba kijia katika tabaka la juu la ngozi, lile lililokwisha kufa, akaendelea mbele huku akitaga mayai mawili matatu kwa siku nyuma yake. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na katika wiki mbili au tatu watoto wamekuwa wakubwa na wanaanza kuchimba vijia vyao. Mwili wa mnyama hauhisi kitu mwanzoni. Huchukua wiki kadhaa kumtambua mgeni, na ukishamtambua hukasirika: hapo ndipo mwasho huanza, usiku na mchana. Mnyama hujikuna mpaka damu, manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nene na ngumu kama gome, kisha hupasuka na vijidudu vingine huingia kwenye mipasuko. Swala anayejikuna hali majani. Asiyekula hukonda, na aliyekonda hana nguvu ya kuuzuia utitiri uliobaki. Mzunguko huo ndio huua. Utitiri wenyewe hauna sumu wala haunyonyi damu.

Mnyama mwenye shibe, aliye katika kundi lenye nafasi, huweza kukaa na utitiri kidogo miaka mingi bila mtu yeyote kujua. Njaa ikija, au wanyama wakisongamana kwenye kisima kimoja, kidudu kilekile hugeuka janga. Nimesoma habari za upele wa wanyama wa nchi nyingi, na kila mara nimekuta jambo hili limejificha nyuma ya maelezo ya kitaalamu. Nalishika kama uzi wa makala haya.

Wafugaji waliujua ugonjwa huu kabla ya wanasayansi. Waarabu wa jangwani waliuita jarabu, wakampaka ngamia mgonjwa katrani na kumtenga na wenzake. Ngamia mwenye jarabu anayeingia katika kundi la wazima anatajwa hata katika Hadithi za Mtume. Katika karne ya 12, tabibu Ibn Zuhr wa Andalusia aliandika juu ya kidudu kidogo kitokacho chini ya ngozi ya mgonjwa. Mwaka 1687 Waitalia wawili, Giovanni Cosimo Bonomo na Giacinto Cestoni, walikiweka chini ya hadubini, wakakichora na kusema wazi kwamba hicho ndicho chanzo cha upele. Madaktari wakubwa wa Ulaya hawakuwasikiliza. Waliendelea kulaumu damu chafu kwa karibu miaka 150 zaidi, mpaka mwaka 1834 mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, Simon François Renucci, alipouchomoa utitiri kwa ncha ya sindano mbele ya wakubwa wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris. Ujuzi huo hakuupata chuoni. Aliwaona akina mama wa kwao wakifanya hivyo kwa watoto wao. Kwangu mimi akina mama hao ndio wagunduzi, na inanisikitisha kwamba hakuna aliyeandika majina yao.

Huku kwetu maradhi ya mifugo na wanyamapori yanakumbukwa kwa jina jingine: sotoka. Iliingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imeshapita katika nchi za maziwa makuu ikiua ng'ombe, nyati na nyumbu bila hesabu. Sotoka ilikuja kama jeshi, ikaua na kupita, na dunia ikaikumbuka. Kwa kuwa ilikumbukwa, ilipigwa vita mpaka ikatoweka. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya mwaka 2001, na miaka 10 baadaye ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Upele haukuwahi kupata heshima hiyo. Hauui kundi zima kwa wiki moja. Hukaa na watu na wanyama kama mpangaji asiyelipa kodi, na kwa sababu umezoeleka hakuna anayeuandikia historia.

Tarehe 21 Aprili 1925, kwa amri ya Mfalme Albert wa Ubelgiji, kipande cha milima ya volkano kilitengwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika. Aliyeisukuma fikra hiyo sana ni Mmarekani Carl Akeley, aliyekuwa amewapiga risasi ngagi wa mlima Mikeno kwa ajili ya jumba la makumbusho kisha akajutia. Mwaka 1929 mpaka ulisogezwa kuzitia ndani nyanda za Rwindi, kusini mwa ziwa Edward, nchi ya viboko, nyati, nyamera na swala wa kobu. Waliokuwa wakilima na kuchunga humo walitolewa. Wazungu walichora mstari kwenye ramani: huku mifugo, kule wanyama wa porini.

Mstari ulichorwa, lakini pande zake mbili ziliendelea kujaa. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliwahamishia maelfu ya Wanyarwanda katika vilima vya Masisi, magharibi mwa Rumangabo, na vilima vile vikawa malisho. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walisogea karibu na msitu mwaka hadi mwaka. Katika nchi jirani za Afrika Mashariki serikali zilichimba majosho, mifugo ikatumbukizwa kwenye maji ya dawa kuondoa kupe, na utitiri ukafa humo pia kwa bahati njema. Nyati wa parki hakuwa na josho.

Hapa anaingia mtu ambaye jina lake halijulikani sana Goma, ingawa lingestahili. Alex Fain, daktari Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1912, alifanya kazi miaka mingi Kongo na Ruanda-Urundi, kisha akaendelea na utafiti wake Antwerp. Alikuwa na moyo wa pekee kwa viumbe ambao wengine huwapuuza. Alieleza spishi za utitiri kwa mamia, kutoka puani mwa ndege, katika manyoya ya popo, katika ngozi za nyani. Mwaka 1968 alichapisha kazi kubwa juu ya utitiri wa upele. Kabla yake wataalamu walikuwa wameupa kila utitiri jina la mwenyeji wake: huu wa mbwa, huu wa mbuzi, huu wa ngamia, huu wa mtu, kana kwamba ni koo tofauti zisizooana. Fain aliwalinganisha mmoja mmoja chini ya hadubini, akahesabu miiba na magamba ya migongo yao, akahitimisha kwamba wote ni spishi moja inayobadilika-badilika. Baadaye aliongeza wazo lililo zito zaidi: kwamba mwenyeji wa kwanza wa utitiri huu alikuwa binadamu, ambaye aliwaambukiza wanyama aliowafuga, nao wakawaambukiza wa porini.

Wazo hilo linapindua simulizi tuliyoizoea. Tangu Ebola, dunia nzima hutazama misitu ya Kongo kama ghala la maradhi yanayosubiri kumrukia mtu. Kama Fain alisema kweli, basi katika safari hii sisi ndio tuliobeba mzigo kuupeleka msituni.

Ushahidi wa jinsi utitiri unavyosafiri kati ya wanyama wa porini haukupatikana Virunga. Ulipatikana Masai Mara, ambako nyasi ni fupi, watafiti wana magari na hakuna mizinga. Madaktari wa mifugo wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, wakiongozwa na Francis Gakuya, walikuwa wamewaona duma wenye mabaka ya ngozi tupu, magamba machoni na masikioni, wamekonda mpaka mbavu zahesabika. Swala tomi nao walikuwa na upele, na nyumbu, na simba. Gakuya na wenzake wa Italia na Hispania walichukua utitiri kutoka kwenye ngozi za wanyama hao wanne na kuusoma vinasaba vyake. Majibu waliyoyachapisha mwaka 2011 ni ya kushangaza kwa unyofu wake: utitiri wa duma ulifanana na wa swala tomi, na wa simba ulifanana na wa nyumbu. Yaani undugu wa utitiri haukufuata undugu wa paka. Ulifuata mlo. Duma humla zaidi swala tomi, simba humpenda nyumbu, na kila mmoja amevikwa upele wa windo lake.

Tufikirie maana yake kwa swala mwenyewe. Mwasho umemzuia kula, hana kasi tena, na katika kundi la mamia ndiye atakayebaki nyuma. Duma humkamata kwa sababu ni mgonjwa, akamlalia, akamkaba koo kwa dakika kadhaa, ngozi kwa ngozi. Utitiri, ambao huhisi joto na harufu ya mwili, huhama kutoka mwili unaopoa kwenda mwili ulio hai. Wasomi wale waliita makala yao kwa maneno yenye maana ya laana ya windo, na sioni jina ambalo lingefaa zaidi.

Kuna visa vingine viwili vya ukanda wetu wa kuweka kando ya hicho. Huko Kafue, Zambia, ndama wa nyati waliokamatwa ili wahamishiwe kwenye mashamba ya wanyamapori walifungiwa pamoja, na upele ukalipuka kati yao. Walipona kwa dawa, lakini zizi ndilo lililoonyesha ugonjwa ambao uwanda ulikuwa umeuficha. Na mwaka 2012 kundi lilelile la Gakuya liliripoti upele kwa twiga, katika Kenya iliyokuwa imeumizwa na ukame. Zizi na ukame: msongamano na njaa.

Nje ya Afrika hesabu zimekuwa za kutisha zaidi, kwa kuwa kule kulikuwa na watu wa kuhesabu. Mwaka 1987 upele uliingia katika milima ya Cazorla, kusini mwa Hispania, ukaua zaidi ya asilimia 95 ya mbuzi mwitu waliokuwako. Katika hifadhi ya San Guillermo, Ajentina, mlipuko ulioanza mwaka 2014 karibu uwamalize vikunya, wale jamaa wembamba wa ngamia wanaoishi kwenye nyanda za juu za Andes. Walipotoweka, majani waliyokuwa wakiyala yaliongezeka, na tai wakubwa wa kondori, waliozoea mizoga yao, wakapungua. Kidudu kisichoonekana kikabadilisha mpaka sura ya nyika.

Sasa turudi Virunga, ambako miaka ya 1990 iliharibu kila hesabu. Julai 1994, kufuatia mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache. Kambi zao, Mugunga, Kibumba, Kahindo, Katale, zilitandazwa kando ya parki, nyingine umbali mfupi kutoka Rumangabo. Kipindupindu kiliua watu kwa makumi ya maelfu, na hicho ndicho kilichopigwa picha. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi chini ya hema la plastiki na ndugu wanane, blanketi moja na dumu moja la maji, anajua kilichofuata bila kupigwa picha: upele wa mikononi kwa watoto, katikati ya vidole, mgongoni, usiku kucha. Kutwa nzima maelfu ya watu hao waliingia msituni kutafuta kuni, wakiwa na nguo zilezile.

Wanyama nao walikuwa na vita yao. Katikati ya miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikadiriwa kuwa karibu 29,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000. Waliuawa kwa bunduki wakauzwa kama nyama, na nyati vivyo hivyo. Ni jambo chungu kulisema, lakini katika nyanda za Rwindi risasi iliwahi kabla ya utitiri. Upele wa wanyama wa malisho huhitaji makundi yaliyojaa. Makundi hayakuwapo tena.

Utitiri ulijitokeza upande wa pili wa mpaka, na kwa mwenyeji ambaye hakuna aliyemtazamia. Mwaka 1996, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, kundi dogo la gorila wanne waliozoeshwa kutembelewa na watalii lilionekana linajikuna bila kupumzika. Walikuwa wamenyonyoka manyoya na kubaki na mabaka meupe ya ngozi, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake alikuwa na hali mbaya kuliko wote. Gladys Kalema, daktari wa wanyamapori wa Uganda, kijana wakati huo, aliitwa. Alipochunguza ngozi alikuta utitiri wa upele. Mtoto alikufa; wakubwa waliodungwa dawa ya ivermectini walipona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 upele uliwarudia tena gorila wa Bwindi.

Ulitoka wapi? Gorila walikuwa wakitoka msituni kwenda kula migomba ya watu, na katika mashamba hayo wakulima walikuwa wamesimamisha vinyago vya kuwatishia wanyama, vilivyovishwa mashati makuukuu. Gorila ni mdadisi. Huchukua nguo, huinusa, hujifunika. Vijijini humo upele ulikuwa wa kawaida, zahanati ilikuwa mbali na sabuni ghali. Kalema-Zikusoka, kama anavyoitwa leo, hakumlaumu mkulima. Mwaka 2003 alianzisha shirika la uhifadhi kupitia afya ya jamii, linalopeleka huduma za afya kwa familia zinazoishi mpakani mwa msitu, kwa hoja rahisi kwamba ngozi ya mtoto wa kijijini na ngozi ya mtoto wa gorila zinatibiwa pamoja au hazitibiwi kabisa. Sijui hoja nyingine ya uhifadhi iliyowahi kunigusa kama hiyo.

Ivermectini yenyewe ina hadithi yake. Ilitokana na kiumbe mdogo wa udongoni aliyepatikana Japani na Satoshi Ōmura. William Campbell na wenzake nchini Marekani wakaigeuza dawa, na mwaka 1981 ikaanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo. Wawili hao walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wakongomani wengi wanaifahamu kama vidonge vya upofu wa mtoni vinavyogawiwa vijijini. Dawa hiyohiyo huingia kwenye sindano inayopigwa kwa bunduki ya hewa begani mwa ngagi, na madaktari wa gorila, ambao mradi wao ulianza Rwanda mwaka 1986, wanaibeba mkobani.

Nyati hapigwi sindano hiyo. Hoja ya wahifadhi ni kwamba mnyama wa porini aachwe na maumbile yake, na mtu aingilie tu pale spishi inapokaribia kutoweka au pale maradhi yametoka kwa binadamu. Nimeifikiria sana hoja hii na sehemu yake ya mwisho hainitulizi. Iwapo Fain alikuwa sahihi, upele wa nyati nao ulitoka kwetu, kupitia mbuzi na ng'ombe wetu, zamani tu zaidi. Sidai kila nyati wa Virunga afuatwe na bunduki ya dawa. Hilo haliwezekani, na dawa inayomwagwa ovyo huzaa utitiri usiosikia dawa. Ninachodai ni kwamba mbuzi wa mpakani atibiwe, na mwenye mbuzi pia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele wa binadamu katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kumbe hata waliouhesabu walikiri kwamba ulisahauliwa.

Leo huko Rumangabo kuna Kituo cha Senkwekwe, kilichopewa jina la dume la mgongo wa fedha aliyeuawa mwaka 2007 pamoja na wa familia yake. Humo hulelewa ngagi yatima, na walezi wao huwabeba, huwalisha na kulala karibu nao. Hakuna mahali duniani ambapo ngozi ya mtu na ya gorila wa mlimani zimekaribiana kiasi hicho, na kwa hiyo hakuna mahali ambapo kunawa mikono kuna uzito kama hapo. Virunga ilikuwa ikiwavalisha wageni barakoa mbele ya ngagi miaka mingi kabla ya Korona kuifundisha dunia.

Mwaka 2022 vita vilirudi. Waasi wa M23 waliteka kambi ya Rumangabo, na watu wa Rutshuru na Nyiragongo wakakimbilia tena kando ya Goma, Kanyaruchinya na Bulengo, chini ya plastiki ileile, juu ya mawe ya lava yaleyale. Wengine walirudi mashambani mwao mwaka 2025, wakiwa na walichoweza kubeba, na kilicho chepesi kubeba kuliko vyote ni blanketi. Asubuhi jua likitoka nyuma ya Mikeno, mama hulitandaza blanketi hilo kwenye ua wa miti, mwisho wa shamba la maharage, ili likauke. Jioni akisahau kulianua, hubaki hapo usiku kucha. Katika baridi ya milimani utitiri huweza kuishi humo siku kadhaa. Nyati hutoka msituni gizani kuja kula maharage, na nguzo ya ua, kwa shingo inayowasha, haina tofauti na gogo.